Moshi wa Udi na Vumbi la Kilimia

Nyinyi mnaokuja kwangu na simu mkononi mkaniuliza ni programu gani inayotoa picha za mawingu ya nyota, jibu lipo, lakini nitalizungukia kwanza. Ndivyo nilivyozoea. Skuli niliiacha darasa la saba. Baada ya hapo nimepakia mizigo bandarini, nimetengeneza mafriji, nimepiga picha za arusi Mpendae, na nimekaa Pemba miaka miwili kwa sababu ambayo sasa siikumbuki. Hakuna kazi iliyonishika zaidi ya miezi minane, ila moja: kupiga picha za vumbi lililo baina ya nyota. Hiyo nimeifanya miaka kumi na moja, Uroa, uani kwa Bi Rahma, mpaka mgongo wangu ulipokataa kuinama.

Bi Rahma alikuwa mtu wa mjini, wa moja katika zile nyumba za Kiarabu zilizobaki na milango mikubwa na watu wachache. Maisha yake ya kazi aliyapitisha maabara, jicho kwenye hadubini, akihesabu vijidudu vya malaria. Alipostaafu alihamia nyumba ya babake Uroa, na ndugu yake aliyeko Maskati akamletea darubini, kamera, na mtambo wa kuizungusha darubini taratibu ifuate nyota. Mimi niliitwa kutengeneza friji. Nilipomaliza nikaona uani kibanda cha mawe chenye paa la mabati juu ya reli.

"Kile cha nini, Bi Rahma?"

"Cha kutazamia yaliyo mbali. Ya karibu nshayatazama vya kutosha."

"Na paa lile linakwenda?"

"Lingekuwa linakwenda, nisingetaka kukuuliza kama wajua na reli."

Nikalitengeneza paa. Sikuondoka tena.

Vumbi ninalolisema halina mwanga wake. Limetanda baina ya nyota, jembamba kuliko moshi wa sigara ndani ya msikiti mzima, na huonekana pale tu nyota iliyo karibu inapolimulika. Ukiweka jicho kwenye darubini huoni kitu. Wageni wengi walitoka kibandani wamenuna kwa sababu hiyo. Inabidi kamera ifunguliwe dakika tatu, ifungwe, ifunguliwe tena, mara mia mbili na zaidi, kwa siku kadhaa. Kisha kompyuta inazipanga picha hizo moja juu ya nyengine, na kile kilichokuwamo kidogo kidogo katika kila moja kinajumlika. Makosa nayo yanajumlika. Hili mlishike kabla ya programu yoyote.

Na giza. Bila ya giza unajumlisha taa za watu.

Makosa yangu ya mwanzo yalikuwa ya fundi friji. Reli za paa zilikuwa zinaliwa na chumvi ya bahari, nikazipaka mafuta ya nazi kwa kuwa ndiyo yaliyokuwepo jikoni. Siku ya tatu sisimizi wamejipanga kwenye reli kama watu wa maulidi, na paa limegoma katikati. Tumieni grisi, na muifute kila mwezi. Mjusi alitaga mayai ndani ya kisanduku cha gea za mtambo, nikashinda wiki nikiilaumu programu. Umande ulikuwa unashuka juu ya kioo cha mbele kila ikifika saa nne, nikawa naufuta kwa kitambaa, na kila nikifuta nakikwaruza kioo. Dawa yake ni kukifunga ukanda unaopata moto kidogo, kioo kibaki na joto kuliko hewa, umande usitue. Joto la mkono tu. Mimi mara ya kwanza nililiweka la pasi.

Kosa alilolipenda Bi Rahma ni la msuli. Kila ukimaliza kupiga, unatandika kitambaa cheupe mdomoni mwa darubini alfajiri anga inapoanza kung'ara, ukapiga picha za weupe mtupu. Kompyuta inazitumia kujua wapi kioo kina doa na wapi kinafifia, ikarekebisha. Mimi sikuwa na shuka nyeupe, nikatandika msuli wangu wa kujifunga kiunoni, mweupe wenye mstari mpana mwekundu upande mmoja. Nikasema mstari ni mmoja tu, utadhuru nini? Picha zote za usiku ule zikatoka na upande wa kijani kama maji ya kisima, maana kompyuta iliuondoa wekundu usiokuwepo.

"Umelivika anga msuli," alisema Bi Rahma. "Kofia umeisahau."

Alikuwa na daftari kubwa la maabara. Kila kilichofanyika kibandani kilikuwa kinaandikwa mle: saa, upepo, unyevu, nani kaingia, nani kagusa nini. Mimi niliona ni usumbufu wa mtu aliyezoea kutawala vichupa vya damu. Niliandika yaliyonipendeza.

Sasa nije kwenye hoteli.

Hoteli ilikuwa kaskazini yetu, kwenye pwani ile ile, ukuta kwa ukuta. Mwanzo ilikuwa na vitaa vidogo vya kandili, havitusumbui. Akaja meneja mpya, Makame, mtu wa Tumbatu, mchapakazi, asiyependa kusimulia. Katika mwezi wake wa kwanza alifunga taa saba kubwa za kumulika ufukwe. Usiku ule nilifungua paa nikaweza kusoma daftari bila ya tochi. Vumbi tulilokuwa tukilisaka kwa miaka ni lile linaloizunguka Kilimia, zile nyota sita au saba zilizobanana ambazo wazee wetu wakizitazamia kulima. Miezi ya kaskazi, baada ya isha, Kilimia hukaa upande wa kaskazini. Yaani juu ya taa za Makame hasa.

Nilimwendea mara tatu. Mara ya tatu akanijibu kwa kirefu.

"Wewe wataka nizime taa, wageni wangu wajikwae, kwa ajili ya vumbi?"

"Kwa siku za giza la mwezi tu, Bwana Makame. Tangu ishirini na nne ya mwezi mwandamo mpaka nne ya mwezi unaofuata."

"Vumbi ninalo. Njoo nikuoneshe stoo."

"Hili ukiliona utalipenda."

"Basi nioneshe. Nitakuja mwenyewe Alkhamisi, nitazima taa usiku mmoja. Ukinitolea picha ya kuweka mapokezi, mgeni akaingia akasimama, taa nitazizima kila giza. Ukinitolea kiza kitupu, usirudi tena kwangu. Na mwakani naongeza tatu."

Hayo ndiyo yaliyokuwepo mezani. Usiku mmoja, picha moja, na kazi yetu yote juu yake.

Bi Rahma alikuwa mjini wiki ile, arusi ya mpwa wake. Nilibaki peke yangu na kibanda, na kibanda kilikuwa kinanuka. Vuli ilikuwa imepita ndefu, kuta za mawe zimekunywa maji, na ndani mlikuwa na uvundo wa kuvu unaokaa kooni. Mimi kwetu tumelelewa hivi: mgeni anakuja, unafagia, unatandika, unafukiza. Huwezi kumtia mtu mwenye heshima zake katika chumba kinachonuka kuvu. Ingekuwa ni aibu ya nyumba nzima. Nikachukua chetezo cha Bi Rahma, nikatia makaa, nikatia udi mzuri wa kutosha, nikakiweka chini ya darubini, nikafunga mlango. Kioo nilikuwa nshakivua kifuniko tangu alasiri kipoe sawa na hewa. Halikunipitia wazo lolote. Nilikuwa namfikiria mgeni.

Makame alikuja, akanusa, akasema, "Mashaallah, hapa pana watu." Akakaa saa mbili nzima juu ya ndoo iliyofunikwa mto, kamera ikifunguka na kufungika. Alipoondoka aliniachia embe mbili.

Siku ya pili nilizipanga zile picha kwenye kompyuta. Kila nyota ya Kilimia ilikuwa imejifunika ushungi wa buluu, laini, mviringo, unaofifia pembeni taratibu kama pumzi kwenye kioo. Saa mbili tu za kazi! Nilikuwa nimeona picha za watu wengine kwenye mtandao, na yangu ilikuwa nzuri kuliko nyingi. Hilo peke yake lilitosha kunishtua. Halikunishtua.

Makame aliichapisha kwa ukubwa wa mlango, akaitundika mapokezi, na chini yake akaandika: *Kilimia, anga la Uroa.* Wageni wakawa wanajipiga picha mbele yake. Giza la mwezi lilipoingia, taa zote saba zilizimwa. Mlinzi mmoja alijikwaa kwenye ngazi ya ufukweni akanitukana kupitia ukutani, kwa jina langu na la mamangu.

Bi Rahma aliporudi kutoka mjini aliitazama picha kwenye kompyuta kwa muda mrefu, uso karibu na kioo, maana macho yake yalikuwa yameanza kupungua.

"Nzuri," alisema.

"Nzuri tu?"

"Nzuri mno. Ipige na ile nyota nyekundu iliyo mashariki yake."

"Ile haina vumbi, Bi Rahma."

"Ndiyo maana."

Huo ni ufundi wa maabara, na ni bora kuliko programu zote mnazoniuliza. Ukipata unachokitaka, pima na mahali ambapo unajua hakipo. Niliipiga ile nyota nyekundu usiku wa kwanza wa giza. Ilitoka imevaa ushungi. Mviringo ule ule, ulaini ule ule, ila mwekundu. Nikapiga nyengine, nyeupe, ya kusini kabisa. Nayo imevaa, nyeupe. Vumbi la kweli lina nyuzi, lina mapengo, limepinda huku na kule, haliwezi kuwa duara kamili kwa kila nyota. Nikachukua tochi nikaimulika mbele ya darubini kwa upande. Juu ya kioo palikuwa na utando mwembamba, una rangi rangi, kama mafuta yaliyobaki kwenye kikombe cha supu. Nikasogeza pua.

"Sele!" aliita Bi Rahma kutoka barazani.

"Naam."

"Umeona nini?"

Nilitoka nikamwambia.

"Nilivyorudi kibanda kizima kinanukia udi," alisema. "Nikasema labda umeoa. Nikatazama daftari, hamna udi, hamna arusi."

"Sikuandika."

"Hukuandika. Basi andika sasa."

Niliandika, kwa tarehe ya nyuma, na mbele yake akaniambia niandike kuwa nimeandika kwa tarehe ya nyuma. Kisha akasema niende kwa Makame asubuhi yake.

Hapo tulishindana. Mimi nilimwambia giza tunalo sasa, siku kumi mbele yetu, na hatujui kama tutalipata tena. Tusafishe kioo, tupige Kilimia ya kweli, kisha nikamwambie nikiwa na picha ya haki mkononi. Yeye akasema giza lile limepatikana kwa picha ya moshi, kwa hivyo si letu.

"Mtu akikupa kitu kwa kukosea, unakula kwanza ndio unamwambia?"

"Bi Rahma, miaka mingapi tumeisubiri hii Kilimia?"

"Sita."

"Basi."

"Wewe ndiye uliyemwalika mgeni," alisema, "wewe ndiye mwenye kujua." Akaingia ndani. Hakunikataza. Siku zote za kazi hiyo hakutia mguu kibandani.

Nilikisafisha kioo. Mnaotaka kujua: unapuliza mchanga kwanza kwa kipira cha hewa, kwa sababu chembe moja ya mchanga wa pwani ni sawa na kisu. Kisha maji yaliyotoneshwa, yale ya betri, na tone moja la sabuni isiyo na manukato. Pamba unailaza juu ya kioo na kuivuta kwa uzito wake wenyewe, mara moja, ukaitupa. Husugui. Mabonge arubaini yaliniishia, na la mwisho bado lilikuwa linanukia arusi.

Katika siku kumi, sita zilikuwa za mawingu. Nne zilizobaki nilifanya kazi tangu isha mpaka Kilimia inapoinama magharibi, nikapata saa kumi na nne. Nilipozijumlisha, shungi zile za buluu hazikuwepo. Karibu na nyota palikuwa na nyuzi nyembamba za buluu zilizochanwa kama katani, na pote palipobaki, mpaka pembe za picha, palikuwa na kitu cha rangi ya chai ya maziwa iliyomwagika, mabaka mabaka. Hilo ndilo vumbi lenyewe. Halipendezi. Nililitazama mpaka adhana ya alfajiri.

Mtaniuliza kwa nini nilikwenda kusema, maana hakuna mgeni hata mmoja wala Makame mwenyewe angejua. Sikwenda kwa ucha Mungu, ningependa iwe hivyo lakini sikumbuki kuufikiria. Nilifikiria kazi. Ile picha ya moshi ikibaki ukutani kwa jina la kibanda chetu, kila picha ya kweli itakayofuata itaonekana mbovu mbele yake. Mwaka wa pili au wa tatu Makame ataniambia, "Mbona siku hizi huzitoi kama ile?" Na mimi nilijijua. Chetezo kilikuwa kimekaa palepale kwenye rafu.

Nilikwenda mchana, baada ya adhuhuri, nikiwa nimeikunja picha mpya chini ya kwapa. Makame alikuwa mapokezi akigombana na mtu wa maji. Alipomaliza nikamwambia yote: udi, kioo, nyota nyekundu. Nikamwambia pia kuwa nilijua tangu usiku wa kwanza wa giza, na nikazila siku zote kumi kabla ya kuja.

"Subiri," alisema. "Siku kumi watu wangu wanapapasa kama vipofu. Omari, mlinzi wangu, kavunjika jino. Kwa moshi?"

"Kwa moshi."

"Wa udi ulionifukizia mimi."

"Naam."

Akacheka mara moja, bila ya furaha. "Na hiyo nyengine?"

Nikaikunjua juu ya kaunta. Aliitazama. Mtu wa maji naye akasogea kutazama.

"Hii chafu," alisema Makame.

"Ni vumbi, Bwana Makame."

"Kama ukuta wa jikoni," alisema mtu wa maji.

"Wewe nenda kalete bomba." Makame alinigeukia. "Ungenyamaza tu, fundi. Mimi nilikuwa nimefurahi. Wageni wamefurahi. Wewe umelala gizani unavyotaka. Sasa umeniletea nini? Umeniletea aibu na ukuta wa jikoni. Iache hapo. Nenda."

Giza la mwezi lilipoingia tena, magharibi yake taa saba ziliwaka. Nilikuwa nshafungua paa nusu, nikalirudisha. Bi Rahma alikuwa barazani na kashata na kahawa, akanimiminia. Siku ya pili zikawaka, na ya tatu. Nilifunika darubini kwa turubali nikaanza kumuuliza mtu mmoja habari za kazi Matemwe. Miguu yangu huwa hivyo, ikipata sababu inaichukua.

Siku ya sita nilipita hotelini kuaga, kwani sikutaka kuondoka kama mwizi. Makame hakuwepo. Mapokezi palikuwa na mgeni mzee, mwanamke wa Kizungu, ameinamisha uso karibu na ukuta, na kijana wa kaunta anamwambia, "No, madam, not dirty. Dust. Real." Ile picha ya buluu ilikuwa imeondolewa. Mahali pake imetundikwa yangu ya rangi ya chai, na juu yake imefungwa taa kubwa ya nje, ya ufukweni, ambayo haikufaa kabisa ndani ya chumba kile. Ilikuwa kali mno. Kuitazama picha ilibidi ukinge mkono juu ya nyusi, kama alivyokuwa akifanya mgeni yule.

Nilitoka kwa mlango wa pwani, nikahesabu milingoti. Ule ambao taa yake ilikuwa ikiumulika ukuta wetu umebaki na waya unaoning'inia.

Nilimkuta Bi Rahma uani anachambua mchele kwa vidole, hatazami. Nikamweleza nilichokiona.

"Kwa hivyo zimebaki sita," alisema.

"Sita."

"Sita bado nyingi." Alipepeta mchele mara mbili, akauweka ungo chini. "Lakini pale palipokuwa na ile taa ya kuumulika ukuta wetu patapumua kidogo. Ulikuwa unakwenda wapi na mkoba?"

"Matemwe."

"Uweke. Isha hiyo inakaribia. Fungua paa, tupige tuone hizo sita zitatudai saa ngapi zaidi za kamera."